Fomu ya Kumpendekeza Bi Mejumaa

Wanataka jina kwa herufi kubwa.
MEJUMAA MWATSAHU, naandika, na wino unasambaa,
karatasi imekunywa jasho la mkono wangu.
Ni Februari, Mikindani,
na feni ya ofisi imegoma tangu Jumatatu.

Cheo: karani wa stoo.
Hapo najua wanakamati watakunja uso.
Wao wanasaka viongozi, wabunifu,
watu wa kupigwa picha wameshika kitu king'aacho.
Ngojeni. Msiifunue karatasi ya pili bado.

Tableti zilikuja mia na ishirini,
zimelala sandukuni kama mayai,
na waraka juu yake: zihifadhiwe salama.
Tukazihifadhi, wallahi tukazihifadhi!
Mlango wa chuma, kufuli mbili,
daftari la sahihi lisilo na sahihi hata moja.
Kila Ijumaa mwalimu mkuu alikwenda kuzitikisa kufuli
akarudi ameridhika.
Darasa la nne likawa la sita
likizijua tableti kwa kuchungulia tundu la ufunguo.

Chumvi ndiyo iliyotangulia kusoma.
Hii yetu ya hewani, ilayo mabati na bawaba,
ilipenya hadi kwenye matundu ya chaji.
Bi Mejumaa alifungua sanduku moja kufagia mende,
akaona kutu ya kijani,
akasema peke yake, "Kumbe tunawafugia ukuta."
Kesho yake akaja na ndoo nne za mchele.

Teknolojia iliyotumika.
Naandika: mchele.
Nafuta, wataniona mwenye mzaha.
Naandika tena: mchele mkavu, ndoo zenye vifuniko,
kila tableti usiku mbili humo kama mgonjwa,
na tisini na moja zikawaka.
(Mchele hakuutupa. Tuliula siku ya kufunga shule,
na Mwalimu Mwakio anaapa ulikuwa na ladha ya betri.)

Umeme wa shule ni wa tokeni, na tokeni hukata tarehe kumi.
Akavuka barabara hadi kwa Nyamawi mwenye kinu:
"Wanao watatu wako kwetu. Toa waya."
Akatoa waya.
Zikawa zinarudi na vumbi la unga,
sehemu na desimali zikasomwa kwa vidole vyeupe.
Mtandao hatuna. Mwanawe, fundi wa simu kule Magongo,
alijaza vitabu kwenye kadi zilizo ndogo kama ukucha,
moja baada ya moja, usiku, wateja wakishaondoka.

Mafunzo yaliyotolewa kwa watumiaji.
Alisimama mlangoni, akamwambia Kadzo wa darasa la sita: chukua.
Kadzo akaficha mikono nyuma.
"Ikianguka?"
"Ikianguka tutaiokota."
Ndiyo mafunzo yote.

Changamoto: kumi na nne zilianguka. Ziliokotwa.
Mkaguzi naye hakukosa kuja.
Barua ya onyo nimeiambatisha, ina mihuri miwili,
inasema mali ya umma ilitumika.
Neno hilo, ilitumika, limepigiwa mstari.

Sasa wananiuliza: uhusiano wako na mpendekezwa?
Mwenzake kazini, naandika.
Kalamu inasita.
Kadzo sasa ananirekebisha ramani ya Bonde la Ufa
mbele ya darasa zima, kwa adabu, akinionyesha kioo,
nami nasema ahsante na shingo yangu inawaka.

Kwa maana kufuli zile zilikuja na funguo jozi mbili.
Jozi moja alipewa karani.
Ya pili iko katika mtoto wa meza yangu, chini ya chaki,
tangu siku ya kwanza; haijapata hata mkwaruzo.

Fomu haina nafasi ya jambo hilo.
Naliandika chini kabisa, herufi ndogo,
palipochapwa: usiandike hapa.