Kalamu ya Risasi

Wino huganda ukipita mita elfu nne.
Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa Uulkan,
kabla ya hesabu, kabla ya jina la barafu yenyewe:
"Beba kalamu ya risasi. Beba mbili.
Moja itaanguka."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu,
buti za kaka yangu, soksi tatu kila mguu,
na aibu ya kuomba tusimame nikajisaidie
mbele ya wanaume saba na farasi wawili.
Aliniona ninavyotembea.
Akavua koti, akalitandaza kama pazia,
akasema kwa sauti ya mtangazaji wa hali ya hewa:
"Tunasimama dakika tano. Amri ya kiongozi."

Kumbe kiongozi alikuwa yeye.
Hakuna aliyeniambia.
Barua ya safari ilitaja jina la Mkurugenzi,
aliyebaki Bishkek na goti lake.

Mwaka ule tulizamisha vigingi kumi na vinane,
kila kimoja mita nane za mti ndani ya barafu,
ili kiangazi kikipita tujue
mlima umekonda kiasi gani.
Kigingi cha kumi na moja nilikisoma vibaya.
Sentimita arobaini.
Usiku kucha hemani nilisikia barafu ikilia chini yangu
kama mlango usiotiwa mafuta,
na kulipokucha nikamwambia.

Hakunipa pole. Hakunikaripia.
Alifungua daftari lake la mwaka wa themanini na tisa,
penye kosa lake mwenyewe, la mita mbili nzima,
limekatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke bado,
na chini yake: Nimerudi. Nimepima upya. U.
"Haya," akasema, "tandika farasi."

Kisha kile kikao cha Januari.
Meza ndefu, watu wa wizara, birika linafuka.
Mkurugenzi akanitazama mimi, akalitazama birika.
Nilikuwa nimeshainuka nusu,
maana kwetu mwanamke mdogo kuliko wote ndiye mmiminaji
na mkono wangu unaijua kazi hiyo kuliko unavyojua kuandika.
Uulkan akaniwahi.
Yeye, mwenye mvi, mwenye miaka thelathini ya theluji kiunoni,
akamimina vikombe tisa,
nusu nusu, kama heshima inavyotaka,
bila kumwaga tone,
na huku anamimina:
"Begimai atasoma takwimu. Ni zake."

Sijapata kuona chai iliyonyweka kwa shida vile.

Sisemi alikuwa malaika.
Andiko langu la kwanza alilirudisha mara nne,
mara ya mwisho kwa ajili ya koma.
Nurzat, aliyenitangulia, aliondoka akilia
na sasa anauza mazulia Osh;
nilipomtaja, Uulkan aligeukia dirisha:
"Yule nilimpima vibaya. Na sikurudi."

Leo barua za safari zina jina langu.
Kigingi cha kumi na moja hakipo;
pale ni mawe, na kijito chembamba
kinachojifanya hakijui kilikotoka.
Jana, mbele ya wageni kutoka mji mkuu,
msichana mmoja, Saikal, ana miezi miwili tu kazini,
alinikatiza kauli:
"Samahani. Namba hiyo si sahihi."

Uso ukaniwaka.
Neno kali lilifika hadi kwenye meno,
nikalisikia ladha yake, ladha ya yule Mkurugenzi,
nikalimeza. Halikushuka vizuri.
Nikahesabu upya, mbele yao wote, kwa sauti.
Alikuwa sahihi.

Nilitoa kalamu ya risasi mfukoni, nikampa
aandike yeye.
Akaigeuza, akaitazama ncha, akanitazama mimi.
"Na ya pili?"