Wako Wangapi

Baba yangu, Chisute, alianza kufuga
kabla hajang'oka meno ya utoto.
Ng'ombe wa udongo, udongo mweusi wa mbuga ya Bahi,
alioubeba kwa kibuyu kilichopasuka,
akawakanda, akawavuta pembe, akawapachika nundu,
akawaanika nyuma ya tembe.
Madume manne. Majike ishirini na nane.
Mmoja alikuwa na mguu mfupi, akaegemezwa jiwe.

Siku moja, akiwa amezama katika kusokota mikia,
mbuzi wenye roho waliingia kwenye uwele wa jirani.
Fimbo aliyochapwa na babu aliikumbuka mpaka uzeeni;
alikuwa akisimulia huku akijikuna bega.

Kisha mvua ikakosa njia.
Zizi likapungua kila alfajiri,
ngozi zikawambwa hadi zikakosa pa kuwambwa,
na jioni moja babu, na fimbo yake ileile,
akazunguka nyuma ya tembe, akachuchumaa.
"Wako wangapi?"
"Thelathini na wawili."
Babu hakucheka.
Akalowesha kidole kwa mate,
akaziba ufa kwenye pembe ya dume mmoja,
akaondoka.

Sisi tulikua na makopo.
Mafuta ya msaada, yenye picha ya mikono miwili iliyoshikana.
Kaka yangu Ndahani aliyakata kwa kisu cha mama
(akachapwa; kwetu kila gari lilianza na kipigo),
matairi ya ndala, ekseli ya waya wa uzio wa reli,
usukani mrefu uliomfika kifuani.
Mlangoni ile mikono ikaendelea kusalimiana
njia nzima, kutoka kisimani hadi stesheni ya Kigwe.
Alipakia kokoto. Alimpakia kinyonga.
Mimi alinikataa. Msichana haendeshi, alisema,
kwa hiyo niliendesha usiku, yeye akikoroma,
midomo nimeibana nisingurume.

Mchana nilikuwa na mtoto. Gunzi,
na nywele zake mwenyewe, na kipande cha kanga ya marehemu shangazi.
Nilimlaza kivulini nikaenda kuteka maji;
niliporudi, mbuzi alikuwa anamtafuna,
nywele zinamning'inia kama ndevu za pili.
Nilikaa matanga siku mbili.
Mama akanitupia gunzi jingine:
"Huyu hapa. Uzazi haujaisha."

Nyemo, binti yangu, yeye alinunuliwa.
Viwanja vya Nane Nane, Nzuguni, vumbi hadi kwenye kope:
mwanasesere wa plastiki, nywele za njano,
macho ya kufumba ukimlaza.
Lilifumba moja. La pili lilitulinda usiku kucha.
Fedha ya debe zima la karanga ilikwenda hapo.
Nyemo akampa jina la bibi yake, Sechelela,
akamsuka njia tatu.
Hakuna mbuzi aliyemgusa. Mpaka leo
yumo kwenye begi juu ya kabati, jicho wazi.

Sisemi vyetu vilikuwa bora.
Gunzi lilikuwa gunzi.

Sasa hapa Nkuhungu, umeme umerudi,
Mwendwa wa Nyemo ana miaka sita na simu ya mama yake.
Nikamsogelea kwenye kochi. Kiooni, majani mabichi
ambayo hapa hatuyapati hata mvua ikituhurumia,
na ng'ombe wa madoadoa, wasio na nundu.
"Wako wangapi?" nikauliza,
na sauti iliyotoka haikuwa yangu.
"Elfu moja mia nne, bibi. Ila huyu anaumwa."
Akaniinamishia nimwone.
Kweli, pembe moja imelegea,
na juu yake kialama chekundu kinapepesa.
Nikalowesha kidole kwa mate,
nikaigusa.

Ng'ombe akatoweka. Likafunguka duka:
dawa ya pembe, shilingi elfu mbili,
weka namba ya siri.

Mwendwa akafuta mate yangu kwa pindo la gauni,
taratibu, kwa kidole gumba, kama mtu anayekanda.
Hakucheka.