Nukta za Kit Mikayi

Obuya aliisimamisha leza juu ya miguu mitatu,
tukalipiga jiwe mwale kwa mwale tangu saa mbili:
nukta milioni arobaini, na betri moja ikafa.

Usiku, Kondele, jenereta ya jirani ikikohoa,
naiamuru programu: kila nukta itazame majirani zake;
isiyo na jirani ni vumbi, ifute.
Kilichohama kati ya pigo na pigo, kifute.

Wakaenda mbuzi.
Wakaenda watoto wa shule na sweta zao za kijani.
Nikaenda hata mimi, niliyezunguka na mwavuli.

Naligeuza jiwe kwenye kioo, kushoto, juu,
na pale ufani, chini ya lile bamba kubwa,
pana nundu nisiyoikumbuka:
bega. Kitambaa cha kichwa. Magoti.

Yule mama wa Seme aliyefunga siku tatu.
Hakutikisika mapigo yote matano,
programu ikamhesabu mwamba.

Mfute kwa mkono, asema Obuya, ripoti ni kesho.
Kipanya kimepata joto kiganjani.
Nukta elfu sita na ushei,
na kila moja ina majirani.