Shingo Inayonitosha

Nilikwenda na uzi.
Uzi wa kawaida, wa kushonea magunia ya korosho,
nimeupiga mafundo mawili:
la kwanza, ncha ya kidole cha shahada,
la pili, ncha ya kidole cha mwisho,
kiganja kikiwa kimekunjuliwa mpaka ngozi ya kati inauma.
Huo ndio mkono wangu wote.
Sina mwingine niliouacha nyumbani.

Duka la Mchopa liko Masasi, mtaa wa Mkuti,
nyuma ya wauza viatu.
Akanishushia besi nyeusi, ndefu,
"Hii," akasema, "ndiyo wanayopiga wenye bendi zao."
Nikaipakata. Ikawa yenyewe ndiyo inayonipakata.
Kichwa chake kilikuwa kimeshafika mlangoni
mimi nikiwa bado kwenye stuli.
Kukifikia chuma cha kwanza ilibidi niinamie upande
kama mtu anayechungulia kisima,
na kidole cha mwisho kikabaki hewani,
kikiitafuta noti iliyohamia mtaa wa pili.

"Mikono midogo," akasema Mchopa, bila ubaya.
"Jaribu kinanda, dada. Au kayamba."

Sikumjibu.
Nilivitazama vidole.
Miaka tisa vimebangua korosho kwa Bi Nantumbo,
ganda lipasuke, punje itoke nzima,
nzima kama mwezi mwandamo,
maana ikivunjika, na bei imevunjika.
Wenye viganja vipana walikuwa wakivunja;
mimi nikiongezewa debe.
Pale hakuna aliyesema: mikono midogo.
Walisema: mikono.

"Niteremshie ile."
"Ipi?"
"Ile fupi. Ya rangi ya ukwaju."
"Hiyo? Imekaa hapo tangu msimu wa juzi.
Watu wanadhani ni ya mtoto.
Tena sikio moja la kukazia nyuzi limekatika."
"Iteremshe."

Sikuiwasha kwanza.
Hilo nilifundishwa na viatu:
usisifu rangi kabla kidole gumba hakijasema.
Nikapitisha kiganja nyuma ya shingo,
taratibu, toka kichwani hadi kifuani,
nikitafuta mahali ambapo mbao inakataa.
Haikukataa.
Ilikuwa nyembamba, imelainika
kama mpini wa jembe uliozeekea mikononi mwa mtu mmoja.
Gumba likakaa nyuma yake, likatulia.
Nikafumba jicho moja, nikaitazama kwa urefu,
seremala anavyotazama ubao.
Imenyooka.
Nikavaa mkanda, nikasimama, nikaachia mikono yote:
kichwa hakikuzama.

Ndipo nikatoa uzi.
Fundo la kwanza, chuma cha kwanza.
Fundo la pili
(Mchopa akainama kuona)
chuma cha nne, na ziada ya nusu wanda.
Kwenye ile nyeusi
hata cha nne nilikuwa sikioni.

"Sasa washa."

Nikagusa uzi mnene, mara moja tu.
Bati la duka likaitikia.
Misumari ikaitikia.
Mwuza viatu akachungulia
kuuliza ni nani anahamisha makabati.

Bei tulibishana mpaka adhuhuri.
Nilikuwa na malipo ya pili ya ushirika,
na ya tatu hayajulikani yatakuja lini,
nikamwambia hivyo hivyo.
Akapunguza kwa ajili ya sikio lililokatika.
Hilo nalikaza kwa koleo.
Linakubali, ukilibembeleza.

Ule uzi nilimwachia, akautundika kwenye msumari.

Jana amenipigia simu.
Dukani kuna msichana kutoka Chikundi,
mkono wake haufiki fundo la pili,
na ameng'ang'ania besi.
"Nimwambieje?"

Usimwambie kitu, nikasema.
Mteremshie zote.