Amewasili (Rasimu ya Nne)

Jumanne, saa tatu usiku, Harambee Avenue, ghorofa ya tano.
Ndege itaondoka Alhamisi.
Mimi nimeshamfikisha.

"Rais amewasili leo asubuhi,
akapokewa kwa mizinga ishirini na moja
na binti mdogo mwenye shada la maua."
Binti mwenyewe simjui. Ubalozi umetuma kimo chake tu,
sentimita mia moja na kumi,
ili Musembi ajue atapiga goti wapi na kamera yake.

Watu hudhani kazi hii ni ya uongo.
La. Ni kazi ya sarufi.
Kutwa nimeshika koleo:
nang'oa -ta- kwenye kitenzi,
napachika -me- jeraha likiwa bichi.
Watazungumza, wamezungumza.
Watatia saini, wametia saini.
"Mazungumzo yamekuwa ya kina na yenye manufaa":
sentensi hii niliirithi, niliikuta kwenye droo
pamoja na stepla na nusu pakiti ya sukari
ya mtu aliyestaafu.

Bi Kwamboka, mkuu wetu, ana karatasi ya mambo madogo,
na mambo madogo ndiyo yaliyomtia mvi.
Tai isishabihi bendera ya jirani waliyenuniana naye.
Mwavuli ashike mwenyewe; mwaka ule alishikiwa,
picha ikatutafuna wiki mbili.
Mkalimani akimaliza, ndipo acheke.
Watu sitini na watatu waitwe "ujumbe wa ngazi ya juu",
na ngazi yenyewe, ile ya ndege,
wasishuke wote mbele ya kamera.

Ipo rasimu ya jua, ipo rasimu ya mvua.
Ipo ya mkopo uliokubaliwa
na ya mkopo uliokataliwa, ambayo inasema
"msingi imara umewekwa".
Tena ipo bahasha moja nyeupe, chini ya zote,
na ndani yake ni -li- tupu:
alikuwa, alipenda, aliitumikia.
Kila safari naifungua, nabadili tarehe, nailamba tena.
Sijawahi kuandika vizuri kuliko humo.
Kila safari naomba isisomwe.

-Nge- tumewaachia wapinzani,
zile fedha zingejenga, zingenunua, zingetibu.
Waseme. Nimewaandalia majibu matatu.

Ila kiambishi kimoja humu ndani hakitajwi.
Hakuna waraka uliokikataza, tunajua tu,
kama mtu anavyojua kiti cha mkuu.
Madaktari hawa-ja-lipwa.
Bwawa hali-ja-kwisha.
Na yangu pia, niseme kwa kuwa ni usiku:
marupurupu ya safari ya Machi haya-ja-ingia,
nimechungulia simu mara nne tangu saa kumi.

Nje, chini ya mijakaranda, wamekwisha kupanga vizuizi vya barabara
vya msafara wa keshokutwa,
na mlinzi mmoja amevikalia, anakula mahindi ya kuchoma.

Saa nne kasoro robo anaingia Mutheu na ndoo.
Huwa hasemi. Leo amesimama nyuma yangu,
anasoma kioo polepole, midomo ikitembea
kama asomaye Zaburi:
"Rais amerejea nchini baada ya ziara yenye mafanikio makubwa."

"Kwani alienda lini?"

Namwambia, Alhamisi.
Anahesabu kwa kidole gumba, Jumanne, Jumatano.
Anaikamua mopu. Maji meusi yanarudi ndooni.

"Kumbe hajaenda."

Amelitamka tu hivyo, bila kushusha sauti,
katika ofisi ya serikali, taa zote zikiwaka.
Nikatazama mlango.
Kisha nikainua miguu, apige deki.