Timazi

Alfajiri, basi la Apizaco bado linapiga miayo,
baba, Fidencio mwashi, keshaketi dirishani:
shati jeupe, kofia ya sherehe, na mfukoni timazi,
kipande cha shaba kwenye uzi.
"Hata kwenye matembezi?" mama humuuliza kila mwaka.
"Mji ule ni mgonjwa, Amparo.
Tabibu haachi vifaa nyumbani."

Maana Mexico imejengwa juu ya ziwa lililofukiwa,
na ziwa halikusahau.
Linayavuta majumba kwa miguu, taratibu,
kama mtoto avutaye kitambaa cha meza.

Chini ya ardhi kiongozi alikuwa bibi Eustolia.
Kusoma hakujua, ila kila kituo cha treni kina picha yake.
"Bata," alihesabu. "Sanduku la matufaha. Bado, tulia, Nabor.
Haya, madhabahu! Shukeni!"
Nasi wenye vyeti vya shule tukamfuata kama vifaranga.

Katika Kanisa Kuu baba hakuanza kwa kupiga magoti.
Alifumba jicho moja, akanyoosha mkono,
akangoja shaba itulie.
Uzi ukaenda zake, nguzo ikaenda zake.
"Vidole vinne," akasema, kwa huzuni
na, nadhani, kwa furaha kidogo.
Mlinzi akaja kumfukuza,
akaishia kumuuliza kuhusu ukuta wa jikoni kwake,
una ufa, unapitisha mkono.
Nusu saa nzima! Viatu vipya vinatuuma,
Nabor analilia mahindi ya kikombe,
yale ya limau na pilipili,
yaliyomchoma mpaka akacheka.

Halafu mnara. Ghorofa arobaini na nne.
Miaka yote ile baba alihesabu noti mbele ya dirisha la tiketi,
akazihesabu tena,
na kabla hajamaliza mama alikwisha sema:
"Mimi nina kizunguzungu. Nendeni. Nitalinda mifuko."
Akavuka barabara, akaketi kwenye benchi bustanini.
Sisi tukapanda.

Kizunguzungu!
Mama aliyeanika nguo juu ya paa lisilo na ukingo,
aliyeruka mpaka paa la jirani
kumfuata paka aliyeiba soseji.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mshahara wa tatu mkononi,
nilipoziweka habari hizo mbili pamoja.

Mwaka huu nimelipa mimi.
Bibi hayupo; kwenye kiti chake basini tuliweka makoti,
na kwenye treni tulipitiliza kituo kimoja.
Lifti ilituziba masikio. Mama alifunga macho,
nikaogopa: je, kama ni kweli?

Juu kule baba alitafuta volkano, moshi umezificha.
Nabor, sasa ana ndevu, alijipiga picha.
Mama akaenda upande mmoja tu,
akagusisha paji la uso kwenye kioo,
akatazama chini kwenye miti, kwa muda mrefu.
"Benchi langu," akasema. "Kumbe linaonekana."
Kisha, bila kugeuka:
"Nilikuwa nawapungia mkono. Kila mara.
Mlikuwa mnaniona?"

Baba akatoa timazi, akalirudisha.
Mimi nilikuwa nikitazama milima, siku zote milima.
"Mimi nilikuona," akasema Nabor,
mwongo huyu, ambaye miaka ile
kidevu chake hakikufika hata kwenye kioo.
Mama akampiga kofi la mgongoni, akacheka,
akajipangusa pua na ukosi wa koti.

Tuliposhuka, benchi lilikuwa limelalwa na kijana na gitaa lake.
Tukala viazi vitamu tumesimama,
maziwa mazito yakitutiririka mpaka viwikoni.
Baba hakuvumilia. Akachuchumaa karibu na miguu ya yule kijana,
akaning'iniza uzi, akafumba jicho.
"Limeinama."
"Upande gani?"
Akaonyesha kwa kidevu: mnarani.
"Uongo," akasema mama, akilamba kidole,
lakini akaenda kuchungulia mwenyewe.