Macho ya Wavu

Alishuka Kirumba mwaka wa sitini na tisa
na marobota kumi na manne ya nailoni,
mtu mfupi, shati limenyooshwa pasi mpaka kwenye viwiko:
Bwana Kuroiwa, mwalimu wa nyavu.
Mimi, karani wa ghala, niliandika: marobota kumi na manne.

Kiswahili chake kilikuwa cha tarakimu.
"Jicho moja, vidole vitatu.
Mdogo apite."
Wavuvi wa Igombe wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili nikamkaribisha nyumbani, kosa langu.
Baba aliiona saa yake, uso umegeuziwa ndani ya kifundo,
akauliza hata kabla ya maji ya kunawa:
"Jeshi gani?"
Mgeni akateremsha kiganja polepole,
kikapita ukingo wa meza, kikazama.
Nyambizi.

Akapanga njiti za kiberiti juu ya kitambaa:
hii chuo, miaka kumi na minane;
hii luteni;
hii afisa wa topido;
hii, aliyoivunja, mwaka wa mwisho,
mafuta yamekwisha, meli zimekwisha,
akilima viazi bandarini ndani ya sare nyeupe.

Baba, Mazigo wa Nansio,
aliyejua namba yake ya jeshi kuliko siku niliyozaliwa,
alivuka maji yale akielekea Bama.
Alitaka mwezi. Alitaka saa.

"Meli nyingi," akasema mgeni. "Majina hatukuona.
Topido ikitoka, unahesabu.
Ukifika sabini, unasikia.
Au husikii."

"Mimi nilihesabu vichwa," akasema Baba.
"Jua likizama, thelathini na kimoja.
Alfajiri, tisa.
Na changu."

Sato akapoa kwenye sinia.
Mama alisimama mlangoni na taulo begani,
hajui aingie au arudi jikoni.
Kisha Baba akamsogezea mgeni chumvi.

Watu huniuliza kama ule ulikuwa msamaha.
Mimi niliona chumvi.

Jumatatu Baba akaja ghalani, kwa miguu, na goti lile,
akanunua wavu, akalipa taslimu, risiti nikaandika mimi,
yeye ambaye tangu vita hakukanyaga mtumbwi.
Haukuwahi kulowa.
Aliutundika ukutani juu ya kitanda,
na usiku, nikipita na kibatari,
nilimsikia akihesabu macho yake kwa kidole,
sitini na nane, sitini na tisa,
kimya,
moja.